Ndugu watano, magurudumu ya mbao, na yule kaka aliyetoka

Watu wameniomba niandike yale niliyoongea Jumamosi kwenye kikao cha familia zetu za huku kaskazini mwa Indiana, maana wengine walikuwa barabarani na mizigo na wengine walifika tukiwa tunakunja viti. Nimeandika kama nilivyoongea, sijapiga pasi, kwahiyo msije mkanisahihisha kiswahili huko chini.

Haya jamani, assalamu alaykum, Bwana Yesu asifiwe, wazee shikamooni, na ndugu zangu wa kutoka Kivu jambo sana. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini, na mnanijua mimi dakika ishirini nazimaliza kwenye salamu tu, kwahiyo naingia moja kwa moja.

Nimeambiwa niongelee biashara za familia. Nimeelewa kwa nini, maana humu ndani kila meza ina mtu mwenye lori, au lori la shemeji, au lori alilonunua na binamu yake na sa hivi hawasalimiani. Msicheke. Mimi mwenyewe mnajua nilinunua lori na kaka yangu, yule pale nyuma anajifanya anasoma simu, tulinunua bila karatasi hata moja kwa sababu sisi ni tumbo moja, karatasi ya nini, alafu giaboksi ilipokufa mwezi wa nne ndo tukagundua kila mtu alikuwa na hesabu yake kichwani. Ilituchukua miaka miwili kuja kula meza moja tena. Sitaki kuwahubiria, mhubiri yupo hapa mbele na shehe yuko pale. Nataka niwasimulie familia moja tu ambayo wote mnapita mlangoni kwao kila wiki mkiwa na mizigo kwenye barabara kuu ya 80/90 na hamjui.

South Bend. Pale ambapo mnaona matangazo ya chuo cha Notre Dame, mnafikiri mji ule ni wa mpira tu. Kwa zaidi ya miaka mia moja mji ule ulikuwa mji wa Studebaker. Na Studebaker wengi wanajua ni aina ya gari la zamani, wazee waliosoma historia ya vita wanajua ni lori, lakini kabla ya gari na kabla ya lori walikuwa watengenezaji wa magari ya farasi. Yale ya mbao, ya kukokotwa, yenye turubai juu. Na ilikuwa ni biashara ya ndugu watano, mama mmoja baba mmoja.

Baba yao alikuwa anaitwa John Clement Studebaker, mhunzi, mtu wa asili ya Kijerumani. Ukoo ulitoka Solingen kule Ujerumani ukashukia Philadelphia mwaka 1736. Walikuwa Wakristo wa madhehebu yaliyokuwa yanaitwa Wadunkard, watu wa ubatizo wa maji mengi, wanavaa kawaida, hawali kiapo, na hawaendi vitani. Hilo la vita mlishike, tutalirudia. Mwaka 1835 baba akapakia familia kwenye gari alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe akahama kutoka Pennsylvania karibu na Gettysburg mpaka Ashland, Ohio. Pale Ashland ndo watoto walikulia, wavulana watano na wasichana watano, na wavulana wote wakakulia kwenye moshi wa karakana. Na kwenye karakana ya mzee ilikuwa imeandikwa aya, Warumi 13:8, ile ya msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana.

Msiwiwe na mtu cho chote. Nikisoma hiyo mbele ya watu wenye mikopo ya malori naona mnavyokwepa macho. Sawa. Tuendelee.

Mkubwa alikuwa Henry, wa 1826. Anafuata Clement, wa 1831, alafu John Mohler ambaye wote walimwita J.M., wa 1833, alafu Peter wa 1836, kitinda mimba ni Jacob wa 1844. Clement alitangulia South Bend, akafundisha shule kidogo, akafanya kibarua kwa mhunzi kwa senti 50 kwa siku. Henry akaja. Na tarehe 16 Februari 1852 wale wawili wakafungua karakana yao, H. & C. Studebaker, mtaji dola 68 na vifaa vya uhunzi vya watu wawili. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza waliingiza senti 25, kazi ya kumbadilishia farasi viatu. Mwaka mzima wa kwanza walitengeneza magari mawili matatu hivi basi. Ndo mwanzo huo. Mimi nikiona vijana wetu wanalia mwezi wa tatu biashara haijasimama huwa nawakumbuka hawa jamaa na viatu vyao vya farasi.

Sasa yule wa katikati, J.M., alikuwa na umri wa miaka 19 na kichwa kimejaa California. Dhahabu ilikuwa imeonekana kule mwaka 1848, na kufika 1853 bado watu walikuwa wanamiminika. Nauli hana. Akawatengenezea gari watu wa msafara, akawapa lile gari kama malipo ya kumchukua yeye na kumlisha njiani. Mnaona akili hiyo, fundi hakosi nauli. Safari ilichukua miezi kama mitano. Na inasimuliwa kwamba pesa aliyopewa nyumbani, kama dola 65, njiani alikutana na wale jamaa wa karata tatu, wale wale wa stendi ya Ubungo enzi zile, nyekundu inalipa nyeusi hailipi, wakamkamua. Akafika California na senti 50 mfukoni.

Mji aliofika ulikuwa unaitwa Hangtown, leo unaitwa Placerville. Watu wote wamesimama pale wanashangaa wageni, akatokea mtu mmoja anauliza kuna fundi wa magari kati yenu? Mwenye karakana alikuwa anaitwa Hinds. Kijana kaja kuchimba dhahabu, anapewa kazi ya kufanya nini? Kutengeneza toroli. Wakenya mnasema wilbaro. Wachimbaji walikuwa wanahitaji toroli za kubebea udongo na mawe kama mtu anavyohitaji maji. Inasimuliwa toroli yake ya kwanza ilikuwa aibu, mbao mbichi, gurudumu limekwenda upande, mwenye karakana akamuuliza hiki nini. Lakini akajifunza. Toroli moja dola 10. Wachimbaji wengi walikufa maskini kwenye yale mashimo na yeye kwa miaka mitano yupo palepale anapiga msumari, mpaka akapewa jina la Johnny wa Toroli. Mwaka 1858 akarudi nyumbani na dola 8,000. Dola elfu nane za 1858 jamani, si za leo.

Hapo tumuache kidogo tumrudie Henry, maana mimi kwenye hadithi hii nzima mtu wangu ni Henry, na yeye ndo vitabu vinampita kwa mistari miwili.

Mwaka 1857, J.M. yuko bado California, jeshi la Marekani lilikuwa linapeleka askari Utah kwenye ule mgogoro na Wamormoni, watu wa dini waliokuwa wanaishi kule, na likahitaji magari mengi ya mizigo kwa haraka. Mwenye kandarasi alikuwa George Milburn wa Mishawaka, hapo jirani, kutoka South Bend ni pua na mdomo. Akaelemewa, akawapa H. & C. magari 100 watengeneze. Mia moja! Watu waliokuwa wanatengeneza mawili matatu kwa mwaka pale walipoanzia. Tatizo likawa mbao.

Ngoja nieleze hapa kidogo kwa sababu bila hili hamtaelewa kwa nini hawa watu walitajirika na wahunzi wengine elfu waliokuwepo Marekani hawakutajirika. Gurudumu la mbao linafanyika hivi. Katikati kuna kitovu, mti mgumu umechongwa mviringo na kutobolewa. Kwenye kitovu zinagongelewa spoki, mbao za mwaloni au hikori, miti migumu ya huku. Nje ya spoki inakuja ringi, ambayo si kipande kimoja, ni vipande vya mbao vilivyopindwa vinaunganishwa mpaka duara likamilike. Na ukiliangalia gurudumu lenyewe kwa ubavu halijanyooka, limebonyea kama sahani, kusudi gari likiyumba na mzigo spoki zisitoke. Alafu ndo kinakuja chuma. Mhunzi anatengeneza pete ya chuma ambayo ni ndogo kidogo kuliko gurudumu, makusudi kabisa. Anaichoma kwenye moto mpaka inatanuka, watu wanaishika na koleo wanaipachika juu ya ringi ikiwa ya moto, mbao zinatoa moshi, wanamwaga maji haraka, pete inasinyaa, na ikisinyaa inabana kila kitu kwa pamoja mpaka unasikia mbao zinalia. Hakuna gundi pale, kinachoshika ni ule mbano tu.

Sasa kama mbao ilikuwa mbichi, itakauka baadae. Ikikauka inasinyaa yenyewe ndani ya ile pete. Pete inalegea. Na mtu wako yuko katikati ya nchi kavu huko Nebraska, watoto ndani, ng'ombe wawili wameshakufa, gurudumu linaachia spoki moja moja kama meno ya mzee. Wasafiri walikuwa wanatumbukiza magurudumu mtoni usiku kucha mbao zivimbe wapate siku mbili tatu za mwendo. Kwahiyo fundi mwaminifu alikuwa anakausha mbao zake miaka, si miezi, miaka. Wote hapa mmeshauziwa kitanda cha Keko cha mbao mbichi, mnajua kinavyoanza kulia usiku kwenye mwezi wa tatu. Ndo hiyo hiyo.

Kwa magari 100 hakuna mtu mwenye mbao kavu za kutosha. Hawa jamaa wakajenga matanuru ya kukaushia mbao, wakawasha moto mchana na usiku, na magari yakatoka kabla ya muda waliopewa, na yakatoka mazuri. Jeshi likaridhika. Na kila mtu kwenye mji akaona hawa ndo watu.

Isipokuwa Henry. Henry alikuwa bado Mdunkard wa kweli kweli. Kwake gari la kupeleka askari vitani ni sawa na kushika bunduki. Na wewe fikiria, biashara iliyoanza kwa dola 68 leo imepata mlango wa serikali, mlango ambao wote tunautafuta, na kaka mkubwa ambaye jina lake ndo herufi ya kwanza kwenye kibao anasema mimi dhamiri yangu haikubali. Ni kweli wapo wanaosema pia afya yake haikuwa nzuri na alitaka shamba. Inawezekana yote mawili. Lakini la imani ndo linalosimuliwa zaidi, na mimi naliamini kwa sababu najua Henry walivyolelewa, aya iko ukutani.

Tungefanyaje sisi? Ungeitishwa ukoo. Shangazi angelia. Mtu angeambiwa unajifanya mtakatifu. Kule ilitokea hivi: J.M. akarudi 1858 na zile dola 8,000 za toroli, akanunua sehemu ya Henry, Henry akachukua hela yake akaenda kulima. Basi. Mtu akalipwa chake kwa fedha taslimu, si ahadi, si tutakupa mwezi wa kumi mavuno yakija. Na zile hela za J.M. zilizobaki zikaingia kwenye mbao na watu na majengo. Kwahiyo ukiangalia vizuri, toroli za Placerville ndo zilimtoa kaka mkubwa kwa heshima na ndo zilijenga kiwanda. Mimi kila nikifika hapo namkumbuka yule pale nyuma na ile giaboksi. Hatukuwa na toroli sisi.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio na mimi nitaenda mbio pia. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaja 1861, serikali ya kaskazini ikataka magari ya mizigo, ya wagonjwa, kila aina, na Studebaker wakayatengeneza. Peter ambaye alikuwa na duka huko Goshen akaingia kwenye biashara, na Peter alikuwa muuzaji wa kuzaliwa, yaani kuna watu wanauza na kuna watu Mungu aliwaumba wauze. Mwaka 1868 wakasajili kampuni kamili, Studebaker Brothers Manufacturing Company, mtaji dola 75,000, Clement rais, J.M. mweka hazina. Kutoka dola 68 mpaka 75,000 miaka kumi na sita. Peter akaenda kufungua tawi St. Joseph, Missouri, mwaka 1870, pale pale ambapo misafara ya kwenda magharibi ilikuwa inaanzia. Yaani unamuuzia mtu gari akiwa ameshafika mlangoni pa safari, hana pa kukimbilia. Jacob akaja mwishoni akashika upande wa magari ya starehe, yale ya matajiri yenye viti vya ngozi.

Na niseme hili hata kama halipo kwenye hadithi wanayoipenda wenyewe: yale magari yaliyokuwa yanaenda magharibi yalikuwa yanaingia kwenye nchi za watu. Hata South Bend yenyewe ni ardhi ya Wapotawatomi, wenyeji wa asili wa huku, na wengi wao waliondolewa Indiana kwa mtutu mwaka 1838, miaka 14 tu kabla Henry na Clement hawajawasha moto wao. Sisi tunaotoka kwenye nchi zilizogawanywa na wageni hatuwezi kuangalia turubai nyeupe tukaona ushujaa peke yake.

Moto uliwaunguza mara mbili. Mwaka 1872 mara moja, na 1874 ndo ule mbaya, sehemu kubwa ya kiwanda iliondoka. Kiwanda cha mbao kavu na rangi na mafuta, na matanuru ndani, unategemea nini. Wakajenga upya kwa matofali, na kikubwa zaidi, na mwishoni mwa karne ile kilihesabiwa ni kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani cha magari ya kukokotwa. Walitengeneza kila kitu: magari ya mkulima, ya maziwa, ya kumwagia barabara maji, ya zimamoto. Yale magari mekundu yanayovutwa na farasi wakubwa wenye manyoya miguuni kwenye matangazo ya Budweiser, ambayo nyie mnasema hamuangalii, yalitengenezwa na Studebaker pale mwanzoni mwa miaka ya 1900. Rais Benjamin Harrison alinunua magari yao ya kutumia Ikulu mwaka 1889. Kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893 wakaleta gari la mkulima la aluminiamu, wakati huo aluminiamu ni kitu cha ajabu, lengo ni watu wasimame waangalie. Na Waingereza walipokuwa wanapigana na Makaburu Afrika Kusini walinunua magari kwao, kwahiyo mbao za Indiana zilifika mpaka kwetu upande wa chini kule, kwa shughuli ileile iliyomfanya Henry atoke.

Clement akajijengea jumba South Bend, Tippecanoe Place, vyumba 40, mawe matupu, likakamilika 1889. Lipo mpaka leo kwenye barabara ya Washington, limekuwa mgahawa. Mimi nimemla bata pale siku ya kumbukumbu ya ndoa yangu na nikamwambia mke wangu haya yote yametoka kwenye viatu vya farasi, akaniambia kula.

Sasa tuje kwenye mkwe, maana kila biashara ya familia ina mkwe.

J.M. alikuwa na binti, akaolewa na mwanasheria anaitwa Frederick Fish. Mwanasheria kwenye familia ya wahunzi. Fish akaingizwa kwenye kampuni, na kufika 1897 alikuwa anawasukuma wazee wajaribu gari linalokwenda bila farasi. Na wazee hawakutaka. Na msiwacheke wazee. Watu wale walikuwa wanauza magari ya farasi kuliko mtu yeyote duniani, kila mwaka yanauzika, sasa unaenda kwa mtu wa namna hiyo unamwambia achana na farasi. Magari ya petroli ya wakati ule yalikuwa yananuka, yana kelele, yanazima njiani. Hata wewe ungekataa.

Wakakubaliana nusu njia. Mwaka 1902 wakatoa gari la umeme. La betri! Hawa vijana wanaotamba na magari ya umeme wafikishieni salamu. Mwaka ule wa kwanza waliuza 20, na moja alinunua Thomas Edison mwenyewe. Mwaka 1904 wakaingia kwenye petroli wakishirikiana na kampuni ya Garford ya Ohio, wao wanaleta bodi na jina na maduka, wenzao wanaleta mashine. Baadae wakaungana na kampuni ya E-M-F ya Detroit, na mwaka 1911 vyote vikawa shirika moja, Studebaker Corporation, na mtaji mkubwa wa mabenki ya New York.

Mabenki. Mnakumbuka aya iliyokuwa ukutani? Mzee John Clement alifariki 1877, hakuona hayo. Mimi sisemi walikosea, magari ya petroli huwezi kuyatengeneza kwa hela za toroli, mitambo yake ni mamilioni. Lakini kuanzia siku ile wenye sauti hawakuwa tena wale waliokulia kwenye moshi. Jacob alishafariki 1887, Henry 1895, Peter 1897, Clement 1901. Alibaki J.M. peke yake, yule wa toroli, na mwaka 1912 akarudi Placerville, mzee wa karibu miaka 79, kukutana na wachimbaji wenzake waliobaki hai. Mpaka leo kwenye maonyesho ya wilaya ile wana mashindano ya kukimbia na toroli yenye jina lake. Akafariki 1917. Mwaka 1920 kampuni ikaacha kabisa kutengeneza magari ya farasi, ikauza shughuli hiyo kwa kampuni ya Kentucky. Na hapo kwa jinsi ninavyoona mimi ndo biashara ya familia iliisha, ingawa jina liliendelea miaka 46 mingine.

Hiyo miaka 46 nitaipita haraka. Aliyekuwa rais ni Albert Erskine, si wa ukoo, mtu wa mahesabu. Mdororo wa uchumi wa 1929 ulipokuja akaendelea kuwagawia wenye hisa hela kubwa kuliko faida iliyokuwa inaingia, akiamini hali itageuka kesho. Haikugeuka. Mwaka 1933 kampuni ikawekwa chini ya wafilisi na mwezi wa saba mwaka huohuo Erskine akajiua. Wengine wakaja wakaifufua. Vita ya pili ikaja wakatengeneza malori, aina ya US6, karibu 200,000, mengi yakaenda Urusi ya Kisovieti, na Warusi waliyapenda mpaka wakayapa jina la utani Studer na wakafunga juu yake yale makombora ya Katyusha. Nyie wenye malori mngependa kuyaona, magurudumu sita yote yanavuta.

Alafu makampuni makubwa ya magari ya Detroit yakawazidi nguvu. Mwezi wa kumi na mbili 1963, wiki mbili kabla ya Krismasi, wakatangaza wanafunga South Bend. Kiwanda kikazima mwezi huohuo. Tawi la Hamilton, Kanada, likaburuza mpaka 1966. Na hapa kuna jambo linalowahusu nyie wenye ajira, sikilizeni: mfuko wa pensheni ulikuwa hauna hela za kutosha. Waliostaafu na waliofika miaka 60 walilipwa chao. Lakini wafanyakazi kama 4,000, watu wa miaka 40 na 50 waliokuwa wamefanya kazi pale maisha yao yote, walipata kama asilimia 15 ya walichokuwa wanategemea. Na wenye chini ya hapo hawakupata kitu. Ule uchungu wa South Bend ni moja ya sababu Marekani ikapitisha ile sheria ya kulinda pensheni ya 1974. Kwahiyo ukiona karatasi za pensheni yako kazini, ujue kuna watu wa South Bend walizilipia.

Kila mtu aende kwenye makumbusho yao pale Chapin Street, nendeni na watoto, si mbali. Kuna gari alilopanda Rais Lincoln usiku ule anaenda ukumbi wa maigizo wa Ford, usiku aliopigwa risasi, halikutengenezwa na wao ila Clement alilinunua baadae akalihifadhi. Watoto wangu waliligusa kamba wakafokewa. Mimi nilisimama zaidi kwenye magurudumu. Nikagonga spoki moja kwa kidole, mlinzi haoni, bado inalia kavu.

Kwenye maswali mama mmoja wa Bukavu aliuliza jambo zuri, nikasema nitaliandika. Aliuliza yule kaka, Henry, wadogo zake walikuja kuwa matajiri vile na yeye analima, walimtupa? Nilimwambia mama, iko picha, ndugu wote watano na madevu yao, wamepiga wakiwa watu wazima kabisa. Peter na Jacob wamesimama nyuma. Mbele wamekaa watatu: Clement upande mmoja, J.M. upande wa pili. Na kiti cha katikati amekaa Henry.